Siku Mama Alipopiga Yowe

Miaka ya tisini, kila kijana wa Temeke alipogeuka mfanyabiashara, mdogo wangu alivuka mpaka wa kaskazini kutafuta mitumba. Siku za kusubiri mzigo alilala nje, karibu na vichuguu. Akarudi na homa. Akameza klorokwini, homa ikapoa, ikarudi, akameza tena. Miezi ikapita, chakula hakigusi, mbavu zinahesabika, tumbo linavimba upande wa kushoto.

"Bandama hilo," Mama alisema. "Akachanjwe chale."

Nilikuwa nasomea kazi ya maabara, na subira sikuzaliwa nayo. Nikafoka. Damu yake ilikuwa haigandi, wembe mmoja ungemmaliza. Nikamburura hospitali, nikasumbua watu mpaka wakamtoa uboho na kuuweka kwenye darubini. Nilichungulia mwenyewe. Vimelea, vile vinavyoambukizwa na usubi wa vichuguuni, vilikuwa vimejaa ndani ya makrofeji, zile chembe za mwili ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviua. Vimemezwa, na vinaishi humo raha mustarehe! Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa.

Daktari akaeleza kwamba makrofeji huweza kutengeneza sumu ya kuviua, ila haitengenezi mpaka ipate ishara. Chembe nyingine za kinga hutoa protini, interferoni, zinazokwenda kuiamsha. Sindano zingepunguza vimelea, lakini kazi ya kuvimaliza ilitaka ishara ile.

"Na isipofika?" niliuliza. Akaandika cheti cha sindano.

Nyumbani nilimwambia Mama hivi: mlinzi yumo chumba kimoja na mwizi, rungu analo, lakini halinyanyui mpaka majirani wapige yowe.

"Mlinzi gani huyo? Mie ningemfukuza kazi," Mama alisema. Kisha akaninyooshea kidole. "Mwezi ukiandama hajainuka, namwita mganga. Usije ukanizuia."

Sindano akachomwa kila siku zahanati ya jirani. Mimi sikukalika. Nafua nguo safi, nafagia palipofagiliwa, kila nikipita namminya tumbo kupima bandama.

"Sista, niache bwana. Mie si embe," alinung'unika.

Mwezi ulikuwa haujaandama bado. Natoka chuoni, nakata kona ya mtaa wetu, nikasikia yowe la Mama. Kwetu, yowe likitoka nyumba yenye mgonjwa, hakuna anayeuliza. Wanawake walikuwa wanakimbia huku wanajifunga kanga, jirani mmoja ana jamvi kichwani. Nilimchukia daktari, nikazichukia protini zake, nikajichukia mimi niliyekataza chale.

Nikasukuma watu hadi uani. Jamvi lilikwishatandikwa, na juu yake ameketi mdogo wangu, kopo la chooni mkononi. Alikuwa ameinuka peke yake, akaenda chooni kwa miguu yake mwenyewe. Mama kugeuka kutoka jikoni, akamwona kasimama mlangoni, yowe likamtoka. Sasa waliokuja kulia walisimama hawajui walie au wacheke. Mmoja alikwishaanza, akashindwa kunyamaza. Nami nikamkumbatia ndugu yangu, nikalia kuwashinda wote.

Akaniondoa mikono taratibu, akawatazama majirani mmoja mmoja.

"Sista, watu wote hawa wamekuja kunizika, hata chai hamjabandika? Mie nina njaa."

Njaa! Tangu arudi hakuwahi kulitamka neno hilo. Nilipomtafuta Mama nimwambie, alikwishakimbilia jikoni.