Bunduki Ilihama Kabla ya Baba

Bunduki ya baba ilihamia nyumba mpya miezi mitano kabla ya baba mwenyewe. Nikisimulia kazini wenzangu hucheka wakidhani naongeza maneno, lakini ndivyo ilivyokuwa, na aliyehangaika ni mimi.

Mimi na kaka zangu wawili tulikuwa tumewajengea wazazi nyumba ya tofali za saruji pale Mlali, wilaya ya Kongwa, hatua chache kutoka kwenye tembe walimotulelea. Tembe lile lilikuwa limeshachoka. Paa lake la udongo lilibonyea katikati, na mvua za mwaka uliotangulia ziliangusha upande wote wa jikoni mchana kweupe, bahati mama alikuwa kisimani. Mama hakusubiri kubembelezwa. Siku fundi alipomaliza kufunga mlango wa mwisho, alihamisha masufuria, godoro na kuku wake, akajichagulia chumba chenye madirisha mawili. Baba akabaki kwenye tembe. Alisema ameshalizoea.

Mimi nafanya kazi maktaba ya chuo, huko Chimwaga, Dodoma mjini. Kila wingu lilipojikusanya upande wa Kongwa, nilikuwa naona lile paa linamwangukia amelala.

Sasa, bunduki. Baba ana shotgan ya mtutu mmoja, ina kibali chake, ya kufukuzia nguruwe pori wanaomaliza mahindi na fisi wanaozungukia zizi. Alipoipeleka kukaguliwa, askari alimwambia sanduku la mbao halitoshi tena, atafute kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Ukuta wa tembe ni miti na udongo, ukikaza bolti unabaki nayo mkononi. Kwa hiyo kabati likafungwa nyumba mpya, kwenye chumba tulichomtengea baba. Bunduki ikaingia humo ikiwa tupu, risasi zikakaa kwenye kisanduku chake chenye kufuli lake, na funguo zote baba akazivaa shingoni kwa kamba. Mama akasema walau mmoja kati yao ana akili ya kuhama.

Hazikupita wiki tatu. Baba akafungua kabati, akakuta mtutu una madoa ya kahawia. Miaka yote ndani ya tembe, kwenye moshi na vumbi, haijawahi kushika kutu. Akanipigia simu, na baba yangu si mtu wa kupiga simu.

"Mama," akaniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "nyumba yenu inatoa maji. Kama inakula chuma, mimi mifupa yangu itaiacha?"

Nikamwomba asiseme hivyo. Akaniwekea sharti palepale. Bunduki ikivuka mvua hizi bila kutu, naye anahamia. Ikishika tena, tusimtajie habari ya nyumba mpaka anakufa. Baba akisema, amesema. Tulikuwa mwanzoni mwa Desemba, na nilikuwa na mpaka Aprili kumtoa baba yangu chini ya lile paa kwa kufuta kutu.

Jamani, nilijitupa kwenye kazi ile kama niliyeajiriwa. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, nilikuwa Mlali. Baba anafungua kabati, anaikunja bunduki katikati kuhakikisha haina risasi, ananikabidhi, anasimama pembeni mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kiburi chetu cha huku. Mafuta si tunayo ya alizeti, tena ya shamba letu wenyewe, yananukia? Nikaipaka bunduki nzima, inang'aa, nikapiga picha nikatuma kwenye kundi la familia. Wiki mbili baadaye mafuta yameganda, yananata kama utomvu, vumbi limeshika kila mahali na sisimizi wanapanda mtutu kwa foleni. Bunduki haikunjiki. Mama alichungulia akasema imebaki kitunguu na nyanya tu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakaa kuisugua mchana kutwa kwa kitambaa na mafuta ya taa, baba hanisaidii hata kwa neno.

La pili lilikuwa la mama. Alikuwa ameishonea bunduki ala ya kitenge, ndani ameweka sponji, nzuri kweli, tena ina kifungo. Nikamweleza kwamba sponji linakunywa unyevu na kuulalisha juu ya chuma. Alininunia mpaka jioni. Ala hiyo leo anawekea miwani na Biblia, na sponji lake halijapungua hata kidogo.

Januari nikaanza kuuchunguza ukuta. Nilisoma kwamba ukibandika kipande cha nailoni ukutani, ukaziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kesho yake utajua ukuta una maji au hauna. Nikabandika. Asubuhi matone yamejaa kwa ndani, yanateleza. Sijawahi kufurahia maji namna ile. Nilimkimbilia baba kwenye tembe hata shikamoo nikaisahau, nikarudi mlangoni kuanza upya.

"Shikamoo baba. Si nyumba mbaya, ni mbichi."

"Marahaba. Mbichi kivipi?"

Nikamweleza. Fundi alipiga lipu Jumatatu, Alhamisi akapaka rangi, haraka zake. Maji ya saruji bado yalikuwa yanatafuta pa kutokea, na kabati tulilibandika moja kwa moja kwenye ukuta huo. Mchana joto, usiku baridi yetu ile, chuma kinatoka jasho. Baba alisikiliza yote akasema nyumba mbichi hailaliwi. Nikarudi nilikotoka mkono mtupu.

Lakini sikukoma. Tukalifungua kabati, tukalifunga upya kwa bolti ndefu na vipande vya mbao ya mninga nyuma yake, hewa ipite. Madirisha ya chumba kile mama akawa anayafungua kila jua likiwaka. Nikaachana na alizeti, nikanunua kichupa cha mafuta ya cherehani, matone mawili kwenye kitambaa safi, unapaka mpaka unadhani hujapaka. Bunduki tukaisimamisha mdomo chini, mafuta yasitiririkie kwenye mti wa kitako.

Kisha vile vipakiti. Unavijua, vyenye punje kama shanga, vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu vipya, vimeandikwa visiliwe. Vinakunywa unyevu balaa. Niliwatangazia wanafunzi maktaba nzima kwamba anayenunua viatu asitupe vipakiti. Wakaniletea, wengine wakiniuliza kama ni dawa. Basi likisimama Kibaigwa nashuka nakwenda kwa wauza viatu. Mmoja akaniambia, "Dada, hivi ni mitumba, unyevu wake ulikwisha huko huko Ulaya." Niliondoka nacheka peke yangu barabarani katikati ya malori ya mahindi. Nilipofikisha vipakiti arobaini nikavishona kwenye mfuko wa chandarua nikauning'iniza kabatini, na nafsi yangu ikajiona profesa.

Februari safi. Machi, mwezi uliomwaga mvua kuliko yote, safi. Kila nikifuta nilikuwa navaa glavu, baba ananiangalia kama niliyerukwa. Ila kila mvua ilipopiga Dodoma usiku nilikuwa naamka, nakaa kitandani, nawaza paa.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa Aprili, mbingu zimetakata. Tukasimama watatu mbele ya kabati. Baba akazungusha ufunguo, akaikunja bunduki, akanipa. Mtutu safi. Ndani safi. Nikaigeuza. Karibu na pale mtutu unapokutana na mti, kulikuwa na madoa ya kahawia, manne kwa mstari, na moja kubwa upande wa pili.

Baba aliangalia dirishani. Mimi machozi yalikuwa karibu, miezi yote ile, halafu nikayaangalia tena yale madoa. Kutu ya ukuta huja popote, haijipangi. Yale yalikuwa vidole. Jasho la mkono lina chumvi, ukishika chuma ukakirudisha bila kukifuta, kinaanza kuliwa palepale uliposhika. Na funguo ziko shingoni kwa mtu mmoja.

"Baba, naomba mkono."

Akasita, akanipa. Nikaviweka vidole vyake juu ya madoa, kimoja kimoja, na dole gumba upande wa pili. Vilienea.

Mama akaenda jikoni akijifanya kuna kitu kinaungua. Hakukuwa na moto.

"Huwa napita kuiangalia," baba akasema.

"Lini?"

"Mvua ikinyesha. Nakaa hapa kitandani naishika kidogo, mpaka mvua ikatike."

"Mvua ipi?"

Alijifuta ile mikono kwenye suruali.

"Zote, mama. Lile paa naliogopa."

Nilikaa sakafuni. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, baba kanisimamia hajui anishike wapi. Mvua zote zile nilizokesha Chimwaga nikimwona amefukiwa na udongo, yeye alikuwa ameshavuka uwanja, amekaa chini ya bati, bunduki mapajani.