Ahadi ya Kwenda kwa Miguu

Kwa miaka mingi sajini alijua kazi ya namna moja tu: gari linasimama, askari wanaruka, mtaa unatimua mbio. Aliyebaki nyuma ndiye mhalifu, na kama si mhalifu, shauri yake, nani alimwambia abaki? Ndipo wakubwa wakaja na habari za polisi jamii. Sajini akanyang'anywa rungu, akapewa mtaa, akaambiwa atembee kwa miguu, awasalimie watu na kusikiliza shida zao. Askari wenzake walicheka hadi wakashika mbavu.

Kicheko chao hakikumuuma. Kilichomuuma ni mtaa. Akitokea tu, karata zinakusanywa, redio inapunguzwa, kinyozi anakumbuka mashine yake haijapakwa mafuta. Anasalimia, anajibiwa vizuri, kisha kimya. Jioni alirudi chumbani kwake kambini, akala amesimama kando ya jiko. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake ameolewa mbali. Tuseme ukweli: mtu yule alikuwa mpweke, na askari akiwa mpweke nani atamwonea huruma?

Aliyemkaribisha ni mama mshonaji. Siku moja mvua ilimbana sajini barazani pake, naye akamsogezea stuli.

"Kaa, kaka. Sare ikilowa, nani atatukamata?"

Sajini akacheka, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe. Tangu hapo haikupita siku bila kufika. Alimshikia vitambaa, akasikiliza umbea wa wateja, na wateja nao wakamzoea. Hata kinyozi akaanza kumnong'oneza nani anakata nyaya za umeme. Yale ambayo gari la doria halikuyapata kwa mabavu, yeye aliyapata kwa kukaa tu.

Ikafika siku mama mshonaji aliposimamisha cherehani katikati ya pindo.

"Zile simu zinazoibwa hapa mtaani, ziko chumbani kwa mdogo wangu. Tumbo moja, kaka! Nimemsema hadi nimechoka. Nataka umchukue wewe, taratibu. Mama yetu anaishi naye, na moyo wake ni mbovu. Hatastahimili vurugu."

"Nitakwenda mwenyewe, dada. Kwa miguu."

Na alimaanisha. Lakini kulikuwa na gwaride la asubuhi, ambapo kila askari husema alichopata. Miezi yote sajini alisimama pale bila neno, wenzake wakikonyezana. Asubuhi ile alikuwa nalo. Macho yote yakamgeukia, kichwa kikamvimba, akalitoa lote, mpaka rangi ya mlango. Ulimi hauna mfupa. Mkuu wa kituo akampiga bega kwa furaha, kisha akamwita dereva.

"Afande, niliahidi kwenda peke yangu."

"Wewe umeshamaliza yako, sajini. Tuachie yetu."

Gari likaondoka bila yeye. Alipofika akihema, mlango ulikuwa chini, na mdogo mtu yumo garini, damu inamtoka puani. Ndani, mama mzee alikuwa ameketi sakafuni kati ya vyombo vilivyomwagwa. Alikuwa hai, Mungu mkubwa. Ila alipoiona sare mlangoni, akainua mikono yote miwili juu. Sajini akamwomba aishushe, mara ya kwanza, mara ya pili. Bibi hakuishusha.

Kesho yake alikwenda barazani akiwa tayari kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa. Mama mshonaji alikuwa peke yake, anatunga uzi kwenye sindano.

"Nisamehe, dada. Niliropoka. Kosa ni langu."

"Hapana. Wewe umefanya kazi yako." Hakuwa na hasira hata chembe. "Kosa ni langu mimi. Nilisahau kuwa wewe ni polisi."

Akamaliza kutunga uzi, akamtazama kwa adabu zote, kama anavyomtazama mtu yeyote anayepita barabarani, akamuuliza kama ana nguo ya kushona.