Diski Mbili za Mwalimu wa Jiografia

Ijumaa iliyopita tulimzika jirani yangu hapa Rumonge, mwalimu mstaafu wa jiografia niliyefundisha naye miaka mingi. Msomaji wangu, utanisamehe: mtu huyu nilimwonea wivu alipokuwa hai, na hata pale makaburini wivu ulikuwa haujaniisha. Si kwa ajili ya nyumba yake wala shamba lake la michikichi. Ni kwa sababu ya kisanduku cheusi kilichokaa sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, chenye diski mbili za kompyuta ndani. Picha za familia, vyeti, na sauti ya marehemu mama yake akisimulia walivyohama kutoka upande wa Kongo, vyote vilijiandika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Wageni aliwafungulia sauti hiyo, nao wakamsifu. Mimi, niliyekuwa na sauti ya baba yangu kwenye kompyuta moja kuukuu, nilikunywa chai yangu tu.

Siku moja nikasikia sokoni kwamba diski yake moja imekufa. Nilikwenda haraka na, nakiri, nilikwenda kufurahi. Nilimkuta anakula muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Pole sana, mwalimu. Na sauti ya mama?"

Akacheka. "Iko! Moja imekufa, ingine imebakia na vyote. Natia mupya, itajikopi yenyewe." Kisha akanitazama vizuri. "Ulikuja kunipa pole ao kuona nikilia?"

Kisha, bila kinyongo, akaongeza, "Lete masini yako, ndugu yangu. Tukopi na sauti ya muzee."

Nikaahidi, lakini sikuipeleka. Sikutaka awaambie watu kwamba yeye ndiye aliyeiokoa sauti ya baba yangu. Mvua zilizofuata, ziwa likapanda hadi ndani kwangu, kompyuta ikalowa, na sauti ya baba ikapotea.

Msibani, binti yake aliyetoka Minago alitufungulia sauti ya mwalimu mwenyewe. Watu walilia, nami nililia, ila kwa uchungu wangu: wajukuu wake watamsikia akicheka, wangu hawatajua baba yangu alicheka vipi. Wivu wangu haukumpunguzia mwalimu hata picha moja. Ulichukua kwangu.

Jumatatu nikamwendea yule binti, nikamwomba anifundishe.

"Unataka kutia nini, baba mudogo?"

"Shangazi yangu iko Magara. Bado anakumbuka mambo ya baba, nataka kurekodi sauti yake."

"Sawa. Lakini ujue, ukifuta ku moja, ku ingine inafutika pia. Papa alikuwa anaweka kopi ingine kwangu Minago."

Hata hilo mwalimu alilifikiria, na wivu ukanichoma tena. Safari hii nilitoa daftari nikaandika. Msomaji, ukiona mwenzako ana kitu unachokitamani, mwulize alikipataje, tena umwulize angali hai.