Mitungi Chumbani kwa Mume Wangu

Mama mkwe wangu ni mwanamke jasiri. Alimwona mwanawe akibeba begi kuhamia kwa mwanamke mwingine, akamtakia safari njema. Hakupepesa hata kope. Kumbe woga wake alikuwa akiuwekea mitungi miwili ya hewa.

Mitungi ni ya binti yangu, mzamiaji, anayekwangua uchafu chini ya meli. Stoo ya kazini ilivunjwa na wezi, tajiri akatangaza: kila mzamiaji alale na mitungi yake, asiye na pa kuiweka asije kazini. Binti akaisimamisha jikoni, akaifunga kamba dirishani.

Mama mkwe akahamia barazani na mto wake.

"Nyumba hii ni ya mwanangu," alisema. "Akirudi akute majivu?"

"Bibi, hii si gesi ya kupikia. Ni hewa." Mjukuu akalegeza koki kidogo, ikapiga mluzi. "Njoo unuse."

Bibi akanusa kwa mbali. "Haina harufu."

"Si ndiyo nakwambia."

"Hewa imejaa tele nje, bure. Hiyo mmeifungia kosa gani?"

"Huko chini ya maji haipo, bibi."

"Na kama ni hewa tu, kamba ya nini?"

Binti yangu hajui kudanganya. Hilo hakulirithi kwa baba yake. "Imeshindiliwa sana. Mtungi ukianguka koki ikavunjika, unaruka. Joto nalo si zuri kwake. Jikoni nimeiweka kwa kukosa pengine. Inataka chumba cha kivuli, kisichopitwapitwa na watu."

Chumba hicho tunacho. Bibi hukifagia, hubadilisha mashuka, hufunga, ufunguo hutia kifuani. Mimi na binti tunalala sebuleni, tusije tukamkunjia mfalme kitanda.

"Humo hapana," akasema. "Ana siku yake ya kurudi."

"Atakuja na mkewe mpya, mama?" nikauliza kwa upole. Mimi ni mpole sana. "Maana kitanda ni chembamba."

Akausukuma ufunguo ndani zaidi kifuani.

Binti akaanza kufungua kamba. "Basi nairudisha kwa tajiri. Nitafute nguo za watu za kufua, kama mama."

Bibi akatazama vidole vyangu vilivyobabuliwa na sabuni. Akavitazama sana. Kisha akatoa ufunguo, akaingia peke yake, akatoka amekumbatia mashuka.

"Ifunge kwenye mguu wa kitanda," akamwambia mjukuu. "Kaza. Nisije nikaambiwa nayo imeondoka."

Mashuka akanitupia mimi.