Mkata Tiketi wa Sinema

Yule mkata tiketi wa sinema pale Eldoret alichana tiketi polepole, kwa vidole vilivyogeuka manjano kwa sigara, huku akimnong'onezea kila mteja: "Picha ya leo bure kabisa, haina maana. Wanaimba hata wakifa." Waceke, muuza njugu wa mlangoni, alimwamini, maana kwa picha hakuwahi kumdanganya. Mzungu mmoja wa Timboroa alipouza shamba, Waceke akamwuliza mkata tiketi kama anunue hisa za kampuni iliyokuwa ikilinunua ili wanahisa wagawiwe ardhi. "Mama, usitupe pesa yako. Hao ni wezi." Waceke akanunua cherehani. Mwaka uliofuata alimsindikiza dadake, aliyekuwa amenunua hisa, kugawiwa ekari zake. Majina yakasomwa, na mkata tiketi akainuka kuchukua karatasi yake. Waceke alimzuia njiani. Mkata tiketi akamnong'onezea, "Mama, hisa zilikuwa chache."