Mama Wawili wa Kesses na Simu Moja

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Huruma, Eldoret. Mwihaki Gikonyo amekaa kitandani, laptop juu ya magoti, na anaumba watu.

Anawapa majina. Anawapa mashamba. Wa kwanza hana simu kabisa. Wa pili na wa tatu wanatumia simu moja. Wa nne laini yake imesajiliwa kwa jina la kijana wake aliye Mombasa. Wa tano amepoteza laini na amenunua nyingine. Anabonyeza, anangoja, anahesabu kwa kidole kwenye kioo cha laptop. Wote watano wapo.

Nje, fundi wa milango anawasha mashine ya kukata chuma na stima inafifia chumba kizima. Mwihaki hata hashtuki. Laptop ina chaji, na hawa watu wake wa uongo, wa kujaribia huduma, wanaishi humu ndani tu, hawajafika kwenye intaneti.

"Mwaka jana nilifanya hivi hivi," anasema bila kuinua macho. "Tofauti ni kwamba watu wangu wote wa uongo walikuwa na simu zao. Kila mtu na yake. Unaona vile nilikuwa mjinga?"

Mwihaki ana miaka ishirini na tisa. Anaunda huduma za kompyuta zinazokaa kwenye cloud, yaani kwenye mashine za kukodisha zilizo mbali, mtu anazifikia kwa simu popote alipo. Mwezi ukiwa mzuri anaingiza elfu thelathini na tano. Mwezi ukiwa mbaya, anasema, anaishi kwa sukuma wiki na jina la Mungu.

Haanzi kazi kutoka sufuri. Anatumia framework, na ukimuuliza hiyo ni nini anakuonyesha nyumba ya mabati inayojengwa ng'ambo ya barabara. "Ona pale. Nguzo ziko, paa liko. Mwenye nyumba anaongeza kuta na mlango. Framework ni hivyo. Kazi ngumu imeshafanywa na watu wenye akili kukushinda. Wewe jaribu tu usiiharibu."

Yeye aliiharibu. Na alipoiharibu, jirani mmoja kule Kesses aligeuka mwizi machoni pa jirani yake.

Ilikuwa hivi. Ushirika mmoja wa wakulima, ambao jina lake tumelihifadhi, ulimpa kazi ya kutengeneza huduma ya kugawa mbolea. Mkulima anasajiliwa, anapata ujumbe, anaenda stoo, anachukua gunia lake. Meneja wa ushirika, Munene, alikuwa na haraka. Alitaka kitu kianze kabla mvua ya Machi haijagusa ardhi, na alitaka kila mkulima ajulikane kwa namba ya simu, maana pesa za simu si zinaenda hivyo hivyo?

Framework yenyewe ilikuwa tayari na njia yake. Kila mtu akiandikwa, inampa alama yake, ndefu na mbaya kwa macho, lakini ya kwake peke yake. Mwihaki aliing'oa hiyo alama akaweka namba ya simu. Halafu akaongeza code yake mwenyewe juu, yaani maagizo ya kuiongoza kompyuta: namba ikija mara ya pili, huduma isilete kelele, ibadilishe tu yale yaliyokuwepo.

Alijivunia hiyo sehemu. Alifikiri inazuia mtu kujiandikisha mara mbili.

Sasa njoo Kesses. Mama Kabura ni mjane, ana ekari mbili za mahindi. Jirani yake ni Hellen. Simu ilikuwa ya Hellen, lakini ilikuwa simu ya boma zote mbili. Kwenye ua kulikuwa na pengo, na simu ilipita hapo kila siku, pamoja na chumvi, makaa na umbea. Siku ya kusajili, Mama Kabura aliandikwa kwanza kwa namba ya Hellen. Hellen akafuata, na namba hiyo hiyo.

Huduma haikuleta kelele. Ilifanya vile ilivyoambiwa. Ilimfuta Mama Kabura, ikamwandika Hellen mahali pake.

Ujumbe ukaja, jina moja. Hellen akaenda, akachukua gunia lake halali. Mama Kabura akafika kesho yake na kitambulisho mkononi.

Aliyekuwa mlangoni ni Ayub, mlinzi wa stoo, mtu ambaye miaka yote aligawa mbolea kwa kuangalia uso. Alimjua Mama Kabura tangu mumewe akiwa hai. Lakini kwenye kioo jina halikuwepo, na Ayub alikuwa amepewa ruhusa ya kusoma tu, si ya kuandika. Hiyo pia ilikuwa kazi ya Mwihaki. Nayo pia alikuwa ameringa nayo.

"Mama nilimwona na macho yangu," anasema Ayub. "Mashine ikaniambia hayuko. Dada, ningefanya nini? Nilimrudisha mtu ninayemjua."

Mama Kabura alirudi nyumbani akifikiria njia nzima. Mama wawili, simu moja, gunia moja. Alifika, akachukua miiba, akaziba lile pengo la ua.

Mahindi yake yalitoka manjano kama mtu wa homa. Mahali alizoea kutoa magunia kumi na nane, alitoa manne.

Mwihaki hakujua chochote. Munene alikuwa akimsifu kwa mikutano. Aligundua alipofika Kesses mwezi wa nane kuongeza wakulima wapya, akaona shamba moja la manjano katikati ya mashamba ya kijani, akauliza ni la nani. Akaambiwa ni la mama aliyeibiwa mbolea na jirani. Aliomba jina na namba, akafungua laptop palepale kando ya barabara, akaona.

"Namba ya watu wawili, jina moja tu, la Hellen," anasema. "Mimi nimekulia kwa simu ya kuazima. Nikiwa shule, ujumbe wangu wote ulikuwa unakuja kwa simu ya mama wa kioski. Nilijua maisha hayo. Halafu nikaandika code kama mtu ambaye hajawahi kuazima kitu."

Alimweleza Munene siku hiyo hiyo. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arekebishe kimyakimya.

"Kosa likisemwa kwa mkutano, hakuna mkulima ataamini hii kitu tena," Munene alimwambia. "Rekebisha, nyamaza, tuendelee. Ukiongea, hiyo kandarasi usiitafute."

Kurekebisha kulikuwa rahisi, na hicho ndicho kinachomuuma. Alitoa code yake, akairudisha ile alama mbaya ya framework. Simu sasa ni mahali pa kutuma ujumbe tu. Namba ikitokea mara ya pili, huduma inauliza: huyu ni yule yule au ni mwingine? Usajili ni huduma moja, ugawaji ni nyingine, ili ukichezea moja usiangushe zote. Na Ayub amepewa ruhusa ya kumwandika mtu aliyesimama mbele yake, halafu ofisi ikague baadaye.

Vijana wanaojifunza kazi humpigia wakitaka mawaidha. Hana mengi. Usiandike code ambayo framework tayari inakufanyia. Jaribu kila kitu kwenye laptop yako kabla hujakipandisha kwenye cloud, na ukijaribu, umba watu wanaofanana na wale watakaokuja kupanga foleni. Kabla ya yote, enda ukasimame kwa hiyo foleni.

"Na acha mlango mmoja wa binadamu," anaongeza. "Mimi nilifunga yote nikaita usalama."

Wiki iliyopita alienda Kesses na laptop kwenye begi. Mama Kabura alikuwa akimkatia ng'ombe nyasi, na hakusimamisha panga. Mwihaki akamweleza yote pale pale, akamwonyesha kwenye kioo majina mawili, namba moja, wote wapo.

Mama Kabura aliangalia, akarudi kwa nyasi.

"Umetumwa na Hellen?" akauliza.

Mwihaki akasema hapana, kosa ni lake.

"Wewe msichana, unakuja kuniambia nyuma ya nyumba. Watu walimwita Hellen mwizi sokoni, mbele ya kila mtu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Sasa niende nimwambie nini? Ati kompyuta?" Akafunga mzigo wa nyasi kwa kamba. "Kasemee mahali watu wapo. Ayub akiwa hapo. Na Hellen akiwa hapo. Hiyo miiba niliweka na mikono yangu. Sitaitoa kwa maneno ya pembeni."

Hellen mwenyewe hataki kuongea na gazeti. Alituma neno moja kupitia Ayub: kwamba simu yake siku hizi ina password.

Mkutano wa wanachama ni Jumamosi, kabla mbolea ya msimu huu haijaanza kutoka. Munene hajampa Mwihaki nafasi kwenye ajenda. Ayub amesema ataleta kiti, akiweke karibu na mlango wa stoo, na mtu akisimama juu ya kiti hakuna atakayesema hajamwona.

Hii kandarasi ndiyo inayolipa chumba cha Huruma. Mwihaki hana nyingine. Amejumlisha akapata jibu, na bado ataenda.

Anafunga laptop. Fundi amezima mashine, stima imerudi, na katika utulivu huo anajaribu maneno yake, maana wakulima wa Kesses hawataki kusikia habari za cloud.

"Hellen hakuiba," anauambia ukuta wa mabati wa chumba chake. Anakohoa, anaanza tena, kwa sauti ya juu kidogo. "Hellen hakuiba. Ni mimi nilimfuta Mama Kabura."