Aliyetumwa London na Aliyebaki Nyumbani

Mwalimu wa historia aliacha kazi katikati ya muhula, na darasa lake nikapewa mimi, niliyesomea jiografia. "Wiki chache tu," mkuu wa idara aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuachia mtoto mwenye homa. Mada iliyokuwa inafuata ni jinsi Waayalandi walivyopigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza. Skuli yetu iko hapa Maskati, wanafunzi wengi ni Waomani na Wahindi, lakini mtihani unatungwa Uingereza, na wanachokitaka wao ndicho tunachokisomesha.

Nina mazoea yangu. Somo nisilolimudi humweleza kwanza baba yangu, kwa Kiswahili, alasiri anapokunywa kahawa. Anaishi nasi mtaa wa Ansab tangu mama alipofariki. Akielewa yeye, najua na watoto wataelewa. Ningelijua yatakayonifika, ningeuelezea ukuta.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nilimsimulia habari za mwalimu mmoja, mtunga mashairi, aliyesimama nje ya jengo la posta Jumatatu ya Pasaka akasoma tangazo la uhuru, na wapita njia wakamtazama kama aliyepungukiwa na akili. Nikamsimulia kiongozi wa wafanyakazi, aliyeumizwa mguu hata hawezi kusimama, uasi uliposhindwa Waingereza wakamfunga kwenye kiti ndipo wakampiga risasi. Na kijana mgonjwa aliyefungishwa ndoa ndani ya kanisa la jela, na asubuhi yake akauawa. Kwa kila mmoja Baba alitikisa kichwa, akasema, "Masikini." Nilipofika kwa yule bibi wa ukoo mkubwa, aliyevaa sare na kushika bastola, akahukumiwa kifo kisha akaachwa hai kwa sababu ni mwanamke, na kuachwa huko kukamuudhi, Baba alicheka.

"Huyo kama shangazi yako," alisema.

Kosa lilikuwa kuendelea siku ya Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala, ami yangu, mdogo wake Baba, huja kutoka mtaa wa Mawaleh kula nasi. Tulikuwa tumeshakaa kwenye sinia ya biriani, mimi, mume wangu na wazee wawili, Ami akauliza siku hizi nasomesha nini. Nikamjibu.

Nikawaeleza kwamba baada ya miaka ya kuviziana, Waingereza walikubali kuzungumza. Wakati huo wakubwa wa Ayalandi walikuwa wawili. Mmoja mrefu, mwembamba, mwenye miwani, aliyewahi kusomesha hesabu, na yeye ndiye rais. Wa pili kijana mwenye kifua kipana na maneno mengi, aliyeendesha vita vya siri mjini, akipita na baiskeli mbele ya askari wanaomtafuta. Yule mrefu akabaki nyumbani, akamtuma kijana London. Kijana akarudi na mkataba: sehemu kubwa ya nchi itajitawala, kaskazini itabaki kwa Waingereza, na wabunge watakula kiapo cha kumtambua mfalme. Yule mrefu akaukataa. Waliokuwa kitu kimoja wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na kijana akaviziwa akauawa, katika wilaya aliyozaliwa, na watu wa nchi yake.

"Katumwa alete nchi, kaleta kipande," Baba alisema. "Halafu anataka ashukuriwe."

Ami aliliweka tonge lake kwenye sinia. "Na yule mrefu kwa nini hakwenda mwenyewe?"

"Mkubwa haendi kila pahala."

"Nnakuuliza wewe, kaka. Kwa nini hakwenda mwenyewe?"

Na mimi, mwalimu mzima, nikaanza kueleza kwamba wanahistoria hawajakubaliana juu ya suala hilo. Hakuna aliyenisikiliza. Mume wangu alinikanyaga mguu chini kwa chini. Ndipo nilipotambua kwamba Ayalandi ilikuwa imeshatoka chumbani.

Babu yangu alifia hapa Maskati, akaacha nyumba Unguja, Mji Mkongwe, ambayo tangu familia ilipokimbia mapinduzi ilikuwa ikikaliwa na watu wengine. Ruhusa ya kurudi kuulizia mali ilipopatikana, Baba ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini alimtuma Ami. Ami alikaa huko miezi, akizungushwa ofisi hii na ile, akarudi na makubaliano: ghorofa ya chini tuchukue sisi, ya juu wabaki waliomo. Baba alimwambia kwamba yeye mwizi, ameiuza nyumba ya baba yao. Nilikuwa msichana mdogo, nakumbuka tulivyotolewa nje sisi watoto. Baadaye walianza tena kula pamoja, na jambo lile halikutajwa tena mbele yetu.

Ami alinawa mikono, akachukua kofia yake, akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Wangenyamaziana tu, ningevumilia. Wapi! Walizozana kupitia kwangu, na juu ya Waayalandi tu, kama kwamba hawana jambo lao. Ami alinipigia simu mapumziko ya skuli. "Mwambie baba yako, yule mrefu wake mwisho alikuja kutawala kupitia bunge lile lile lililoundwa na mkataba alioukataa. Nimesoma." Nikifika nyumbani, Baba ananisubiri mlangoni. "Mwambie ami yako, kijana wake mwenyewe alipotia saini alijua anajichimbia kaburi. Sasa alisainia nini?" Nina madaftari ya kusahihisha, nina wali jikoni, na natumwa baina ya Ansab na Mawaleh kama balozi asiyelipwa.

Skuli tuna mwalimu wa kemia, Muayalandi. Nilimuuliza yupi kati ya wale wawili alikuwa na haki. Alitazama mlango kwanza. Akaniambia bibi yake na kaka yake bibi walikaa mtaa mmoja hadi kufa bila ya kusalimiana kwa ajili ya suala hilo hilo, na kwao halizungumzwi mezani. Nikamwambia angelinitahadharisha mapema.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimechoka hadi kwenye meno. Baba akafungua mdomo. "Mwambie ami yako..."

"Vaa viatu, Baba. Utamwambia mwenyewe."

Nikampeleka kwa gari hadi Mawaleh. Ami alitufungulia akiwa na kikoi, miwani juu ya paji la uso.

"Umekuja na wakili wako?" alimuuliza Baba.

"Mimi si wakili wa mtu," nilisema. "Waayalandi nitawasikia darasani tu. Nyinyi semeni yenu."

Tukakaa. Baba aliitazama mikono yake.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nani? Serikali?"

"Niliogopa kuiona. Mama yetu alifia chumba cha juu. Nisingeweza kupanda ngazi zile nikamkuta mtu mwengine anaanika nguo zake."

Ami alivua miwani. "Miye nilipanda. Aliyekuwamo alinikaribisha chai. Chumbani kwa Mama wameweka kitanda cha mtoto mchanga. Moyo haukunipa kumwambia atoke."

"Hukunambia."

"Hukuniuliza. Uliniita mwizi."

Baba akauliza, "Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Enhe," alisema Baba, na machozi yakamtoka.

Nilikwenda jikoni kutia maji ya chai, na badala ya kufurahi nilihisi hasira ya kutaka kulitupa birika. Neno moja! Neno moja lililoweza kusemwa nikiwa bado nasuka nywele mikia miwili, na mama yangu yuko hai kulisikia. Nikatia hiliki nyingi kuliko inavyostahili, nikawapelekea. Walikunywa bila ya kulalamika.

Nilipomwambia Baba twende, aliegemea mto.

"Nenda zako, mwanangu. Miye nnalala hapa. Wewe una kazi za watoto."

Nikiwa navaa viatu mlangoni, niliwasikia wameshaanza tena. Mmoja anasema ngazi za nyumba ile ziko mkono wa kulia ukiingia, mwengine anaapa ziko kushoto.

"Ebo! Muite mwanao aje atwambie," Ami alisema.

Sijawahi kuingia nyumba ile maishani mwangu. Nikaharakisha kwenda kwenye gari kabla hawajaniita.